Denis Burkitt, munganga wa jicho moja aliyefuata kanseri ya watoto

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago pale Kampala, munganga Denis Burkitt aliitwa kuangalia mtoto mmoja. Mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote mbili na meno yamelegea. Majuma machache kisha, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine vile vile. Akaanza kujiuliza.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka wa 1911. Alipokuwa na miaka 11 jiwe lilimpiga, akapoteza jicho moja. Hata hivyo akasomea upasuaji, na mwaka wa 1946 akafika Uganda.

Mwaka wa 1961, yeye na waganga wawili rafiki zake walipanda motokari ya zamani, wakatembea juma 10, karibu kilometa 16.000, hospitali kwa hospitali mpaka Afrika ya Kusini. Walipita Tanganyika pia, inchi ya ng'ambo ya ziwa letu. Akatambua kwamba kanseri ile inapatikana penye joto, mvua na malaria nyingi. Milimani penye baridi, hapana. Akajaribu dawa za kanseri, na watoto wengine walipona kwa dozi chache tu.

Mwaka ule ule alieleza kazi yake kule London. Mtafiti Anthony Epstein alikuwa anasikiliza. Vipande vya uvimbe vikatumwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka wa 1964 Epstein na wenzake wakaona ndani yake virusi vinavyoitwa leo Epstein-Barr.

Karibu sisi wote tunavyo, vimelala tu. Vinaamka wakati askari wa mwili wanachoka. Kwa mtoto, malaria ya kila mara inawachosha. Kule Ulaya, mtu aliyepandikizwa pafu anameza dawa za kuwatuliza hao askari ili mwili usikatae pafu jipya. Pafu linamwongezea miaka, lakini dawa zile zinafungulia kanseri mlango, na mzee yuko kwenye hatari zaidi. Ndiyo maana waganga wanampima kila mara.

Burkitt alikufa mwaka wa 1993. Kanseri ile inabeba jina lake, na bado inakamata watoto wa inchi zetu. Inakua mbio sana. Mama, baba, ukiona shavu la mtoto linavimba na meno yanalegea, usingojee wala usiseme ni jino tu. Mpeleke hospitali mapema, na kila usiku alale ndani ya chandarua.