Mkomanile, nduna mwanamke wa Majimaji

VITA vya Majimaji vilivyoanza Umatumbi Julai 1905 vilienea kaskazini hadi Kilosa, wilaya ambamo leo ipo Mikumi, na kusini-magharibi hadi Ungoni. Huko Ungoni, katika eneo la Kitanda, alitawala Nduna Mkomanile, mwanamke.

Wajerumani walikuwa wakitoza kodi ya nyumba tangu 1898, na katika maeneo ya kusini waliwalazimisha wananchi kulima pamba. Mjumbe Kinjala alipofika Ungoni na dawa iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, Mkomanile alimpokea na kusaidia kuieneza miongoni mwa Wangoni.

Dawa haikuzuia bunduki. Majeshi ya Mjerumani yalichoma vijiji na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Mkomanile alikamatwa. Februari 27, 1906 alinyongwa Songea pamoja na wanaume 66, na wakazikwa katika kaburi moja. Kila Februari mashujaa hao hukumbukwa mjini humo. Kinjikitile na Songea Mbano hutajwa sana. Naye Mkomanile, mwanamke pekee kaburini humo, alilipa gharama ile ile.