William Huggins na jina lisilokuwa na kitu

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, nilipewa maelezo mafupi ya picha niyatie katika Kiswahili. Ilikuwa ile picha maarufu ya nguzo za gesi katika Nebula ya Tai, iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995. Niliandika: rangi za nebula. Asistenti alipiga mstari chini ya maneno hayo akaniuliza ni rangi za nani. Sikuwa na jibu. Katika kulitafuta nilifika kwa muuza vitambaa mmoja wa London.

William Huggins alizaliwa katika jiji hilo mwaka 1824, baba yake akiwa na duka la hariri. Chuo kikuu hakusoma. Aliendesha biashara ya familia, kisha akaiuza, na katika miaka ya 1850 akahamia Tulse Hill, kusini mwa jiji, akajenga chumba cha darubini nyumbani kwake. Alichora sayari na kutazama nyota kama wengine, na kazi hiyo ikaanza kumchosha.

Mwaka 1859, kule Ujerumani, Kirchhoff na Bunsen walionyesha kwamba kila elementi, ikipashwa moto hadi ing'ae, hutoa mistari yake yenyewe ya nuru. Huggins alimwendea jirani yake, William Allen Miller, profesa wa kemia, na wawili hao wakaunganisha prisma na darubini.

Usiku wa tarehe 29 Agosti 1864 aliielekeza kwenye nebula ndogo katika kundinyota la Joka. Wakati ule wataalamu walibishana kama nebula zote ni makundi ya nyota yaliyo mbali mno. Zingekuwa nyota, prisma ingetandaza rangi zote za upinde wa mvua. Yeye aliona mstari mmoja wa kijani, akadhani chombo kimekaa vibaya. Alipochungulia tena akaona mingine miwili hafifu. Kumbe ilikuwa gesi!

Mmoja wa ile hafifu ulikuwa wa hidrojeni. Ule mkali ulimsumbua maisha yake yote. Kwanza alishuku nitrojeni, lakini vipimo bora vikakataa. Mwaka 1875 alimwoa Margaret Lindsay wa Dublin, aliyejua nyota na upigaji picha, wakawa wanafanya kazi ya usiku pamoja. (Mama huyu anastahili makala yake peke yake.) Mwaka 1898 Margaret alichapisha maandishi mafupi juu ya namna ya kuiita nuru ile, na jina lililoshika ni nebulium. Halikuwa wazo la kipuuzi: heliamu ilionekana kwenye Jua mwaka 1868, na ni mwaka 1895 tu ilipopatikana duniani.

Huggins alifariki mwaka 1910, baada ya kuongoza Royal Society ya Uingereza kwa miaka 5. Nebulium haikuwa imepatikana. Mwaka 1927 Ira Bowen, huko California, alionyesha kwamba haipo kabisa. Mstari ule ni wa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, ikiwa ndani ya gesi nyembamba mno.

Basi nuru ilikuwa ya kweli, jina ndilo lililokosa kitu.

Mstari huo ndio mmoja wa ile mitatu iliyotengeneza picha niliyopewa. Kamera ilipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, kila mara kupitia kichujio kinachoruhusu nuru ya gesi moja tu. Halafu Hester na Scowen wakaiweka salfa kwenye nyekundu, hidrojeni kwenye kijani, oksijeni kwenye buluu. Machoni petu mistari ya salfa na ule mkuu wa hidrojeni yote ni myekundu. Ikiachwa hivyo, huwezi kutambua gesi ipi iko wapi. Kwa hiyo hidrojeni ilihamishwa, na kijani cha Huggins kikageuka buluu.

Wenzangu wawili wanauita udanganyifu. Mimi siuiti hivyo, mradi maelezo yaseme kilichofanyika. Yangu nimeyaandika upya: rangi ambazo watu wamezipa salfa, hidrojeni na oksijeni. Yamezidi nafasi iliyo chini ya picha, na asistenti bado hajayakubali.