Mikhail Botvinnik

Mikhail Moiseyevich Botvinnik (17 Agosti 1911 – 5 Mei 1995) alikuwa mchezaji wa sataranji na mhandisi wa umeme kutoka Umoja wa Kisovyeti. Alikuwa bingwa wa dunia mara tatu: 1948–1957, 1958–1960 na 1961–1963. Anakumbukwa hasa kwa namna alivyochunguza michezo yake mwenyewe, hasa ile aliyoshindwa, na kuigeuza kuwa somo.

Maisha ya awali

Alizaliwa Kuokkala, karibu na Sankt Peterburg, katika familia ya Kiyahudi. Mama yake alikuwa daktari wa meno na baba yake fundi wa meno bandia. Alijifunza sataranji akiwa na umri wa miaka 12 kutoka kwa rafiki wa kaka yake. Mwaka 1925 bingwa wa dunia José Raúl Capablanca kutoka Kuba alicheza Leningrad na watu wengi kwa wakati mmoja. Botvinnik, aliyekuwa na miaka 14, alikuwa mmoja wa waliomshinda.

Mwaka 1931 alipata ubingwa wa Umoja wa Kisovyeti kwa mara ya kwanza. Hakuacha masomo: alisomea uhandisi wa umeme mjini Leningrad na kupata shahada ya udaktari mwaka 1951. Mwaka 1935 alimwoa Gayane Ananova, mchezaji wa baleti.

Mbinu ya kujichunguza

Botvinnik aliona kwamba mchezo hauishi pale wachezaji wanapopeana mikono. Baada ya mashindano alipitia hatua zake moja baada ya nyingine, akitafuta mahali alipokosea na sababu yake: je, hakuujua ufunguzi, alihesabu vibaya, alichoka, au aliishiwa na muda? Kila kosa lilihitaji dawa yake.

Aliyekosa muda, kwa mfano, alishauriwa kucheza michezo ya mazoezi akiangalia saa kwanza, bila kujali matokeo. Botvinnik mwenyewe alikuwa akisumbuliwa na moshi wa sigara na kelele ukumbini. Kwa hiyo alifanya mazoezi na rafiki yake Vyacheslav Ragozin huku redio ikipiga na moshi ukitanda chumbani.

Alisisitiza pia kwamba uchunguzi huo uchapishwe. Mtu anayejichunguza peke yake huweza kujipendelea, lakini maelezo yakitolewa hadharani wasomaji huyapima na kuonyesha makosa yaliyofichika.

Bingwa wa dunia

Bingwa Alexander Alekhine alifariki mwaka 1946 akiwa bado na taji. Mwaka 1948 wachezaji watano walishindana mjini Den Haag na Moscow ili kumpata bingwa mpya. Botvinnik alishinda kwa pointi 14 katika michezo 20, mbele ya Vasily Smyslov, Paul Keres, Samuel Reshevsky na Max Euwe.

Kwa miaka mitatu iliyofuata hakushiriki mashindano kwa sababu ya kazi yake ya uhandisi. Mwaka 1951 alikaribia kupoteza taji mbele ya David Bronstein. Alikuwa nyuma kwa pointi moja, akashinda mchezo wa 23, na pambano likaisha sare ya 12 kwa 12. Kwa kanuni za wakati huo, sare ilimwacha bingwa na taji lake. Mwaka 1954 alipata sare ya namna hiyo na Smyslov.

Kushindwa na kurudi

Mwaka 1957 Smyslov alimshinda kwa pointi 12.5 kwa 9.5. Botvinnik alikuwa na haki ya pambano la marudiano. Alijiandaa upya, akashinda michezo mitatu ya kwanza mwaka 1958 na kurudisha taji kwa 12.5 kwa 10.5.

Mwaka 1960 alishindwa tena, safari hii na Mikhail Tal wa Latvia, kijana wa miaka 23 aliyependa mashambulizi, kwa 12.5 kwa 8.5. Wengi waliona zama za Botvinnik zimekwisha. Yeye alichunguza michezo hiyo na kuona kwamba Tal alikuwa na nguvu zaidi pale kete zilipokuwa na nafasi ya kutembea na hesabu kuwa ngumu. Katika marudiano ya 1961 alitafuta michezo iliyofungika na kuwa tayari kubadilishana malkia mapema. Alishinda 13 kwa 8, akiwa na miaka 49. Hata hivyo, inakumbukwa kwamba Tal alikuwa na matatizo ya figo wakati huo.

Mwaka 1963 alishindwa na Tigran Petrosian. Haki ya marudiano ilikuwa imefutwa, hivyo hakuweza kudai pambano jingine.

Miaka ya mwisho na urithi

Aliacha mashindano mwaka 1970. Alijaribu kutengeneza programu ya kompyuta ya kucheza sataranji, iliyoitwa Pioneer, lakini haikufikia kiwango alichokitarajia. Matokeo makubwa zaidi yalitokana na shule yake. Anatoly Karpov, Garry Kasparov na Vladimir Kramnik, ambao wote walikuja kuwa mabingwa wa dunia, walipita mikononi mwake. Wanafunzi waliombwa kuleta michezo yao wenyewe na kuieleza mbele ya wenzao.

Alifariki mjini Moscow akiwa na umri wa miaka 83. Siku hizi kompyuta huonyesha kosa kwa sekunde chache, lakini kujua kwa nini mchezaji alilifanya bado ni kazi yake mwenyewe.