Muuza Magazeti wa Gari la Moshi

Leo twawaletea wasomaji wetu habari za Thomas Alva Edison, Mmarekani aliyezaliwa Februari 11, 1847, mjini Milan, jimbo la Ohio.

Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 12, alipata kazi ya kuuza magazeti na peremende katika gari la moshi lililokwenda kati ya Port Huron na Detroit. Saa za kungoja safari ya kurudi alizitumia maktabani.

Aprili 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, habari za mapigano ya Shiloh zilifika Detroit. Edison aliomba habari hiyo itangulizwe kwa simu ya maandishi hadi vituo vya mbele, kisha akachukua magazeti 1,000 kwa mkopo. Vituoni alikuta umati wenye hofu juu ya ndugu zao walioko vitani. Magazeti yakaisha, na bei ikipanda. Hapo akatambua nguvu ya simu.

Mwaka huohuo alimwokoa mtoto wa mkuu wa kituo cha Mount Clemens asikanyagwe na behewa. Baba mtu akamlipa kwa kumfundisha kazi ya simu.

Ingawa masikio yake yalikuwa mazito, mwaka 1877 alivumbua mashine ya kunasa sauti, na 1879 akafaulu kutengeneza taa ya umeme ya kudumu. Alifariki Oktoba 18, 1931.

Basi askari aliye lindoni chini ya taa, amwonapo mtoto muuza magazeti, asimdharau.