Bobby Jones na fimbo yake ya zamani

Ku Lubumbashi, neno Golf tunalijua zaidi kama jina la kartie. Ni wachache kati yetu wamekwisha kushika fimbo ya mchezo ule. Lakini leo tunawaletea maisha ya mchezaji mmoja wa golf juu ya shida moja ambayo kila mtu wa mgodi anaijua. Chombo chako cha kazi, kile mkono ulikwisha kukizoea, kimeanza kuisha. Utakitupa ao utaendelea nacho?

Robert Tyre Jones, watu wote walimwita Bobby, alizaliwa tarehe 17 mwezi wa tatu 1902 ku Atlanta, katika Marekani. Alikuwa mtoto wa magonjwa. Wazazi walikuwa na nyumba karibu na kiwanja cha golf cha East Lake, na pale kulikuwa mwalimu mmoja kutoka Scotland, Stewart Maiden. Bobby hakukalishwa chini na kufundishwa. Alifuata ule mzungu nyuma tu, akatazama namna anavyopiga, akarudilia. Vijana wengi wa mgodini walijifunza kazi namna ile ile, nyuma ya mkubwa.

Mwaka 1916, na miaka 14 tu, aliingia katika shindano kubwa la Marekani la wale wanaocheza bila kulipwa. Watu wakashangaa. Kisha ikaja miaka saba ya njaa: kipaji kilikuwepo, ushindi mkubwa hakuna. Na kijana alikuwa na hasira mbaya. Mpira ukienda vibaya, alitupa fimbo. Katika 1921, ku St Andrews, Scotland, alichoka na mchezo wake mbaya, akauacha katikati mbele ya watu wote. Tunalisema jambo hili kwa sababu kijana aliyekuwa akitupa fimbo ndiye baadaye atakuja kutunza moja kama yai.

Hapa tueleze kidogo. Mchezaji wa golf anatembea na fimbo nyingi (si fimbo ya kupigia watu, hapana), kama fundi na nyundo zake. Zile ndefu zinatupa mpira mbali, metre 200 na kupita. Lakini mpira ukisha kufika kwenye majani mafupi karibu na tundu, unashika fimbo fupi moja ya kuusukumia ndani. Na kusukuma metre moja kunahesabiwa sawa na kupiga metre 200: pigo ni pigo. Njo maana wengi wanafanya kazi nzuri ya kufika, halafu wanapotezea mlangoni.

Bobby naye alikuwa akipotezea mlangoni. Katika 1923, mbele ya shindano kubwa la wazi la Marekani kwenye kiwanja cha Inwood, karibu na New York, mipira ilikataa kuingia. Jim Maiden, ndugu ya yule Stewart, akampa fimbo yake mwenyewe ajaribu. Ilikuwa kizee: kichwa cha chuma, mpini wa mti wa hikori, na mpini ule umefungwa uzi mweusi kama mtu anavyofunga mpini wa jembe uliopasuka. Fimbo iliitwa Calamity Jane, jina la mwanamke mmoja maarufu wa Marekani ya zamani. Ukiiona ungesema takataka. Na ile takataka, bwana, ikamkubali. Alishinda ku Inwood, ushindi wake mkubwa wa kwanza. Akashinda tena shindano la wasiolipwa katika 1924 na 1925.

Mwaka ule wa 1925 alipoteza shindano la wazi juu ya jambo ambalo hatuwezi kulipita. Mpira ulisogea kidogo katika majani alipojiweka tayari kupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Yeye mwenyewe akajihesabia pigo moja la adhabu. Mwisho akalingana na Willie Macfarlane, wakarudia, Bobby akashindwa.

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Chuma cha siku zile kilishika kutu, na kutu inataka kusuguliwa. Miaka na miaka ya kusugua ilikula uso wa Calamity Jane. Pale katikati, fasi ambapo mpira unapashwa kugusa ili utoke sawasawa, pakaharibika. Mwenye baramini anajua: mpini ungali mzuri, uzito unaupenda, lakini ncha imekwisha. Na fimbo ile ilikuwa imemtoa katika miaka saba ya njaa. Nani anaacha kitu cha namna ile bila moyo kuuma? Kusema ukweli, sisi wenyewe tungeogopa.

Alikuwa na njia tatu. Kuendelea na fimbo iliyoisha, na kujidanganya. Kununua aina mpya kabisa, maana tangu 1924 Marekani iliruhusu mipini ya chuma, na maduka yaliisifu. Ao njia ya tatu, ile ambayo wengi hawaifikirie. Tusisahau kwamba Bobby alikuwa amesomea uinjinieri wa mashine, akamaliza katika 1922, kabla ya kusomea fasihi na kisha sheria. Mtu wa mashine haulizi kama kitu ni kizee. Anauliza ni kipande gani kimekufa. Kilichokufa ni uso tu. Basi katika 1926 kampuni ya Spalding ikamtengenezea nyingine, mfano wa ile ile, na mpini wa mti vile vile. Ya zamani ikawekwa. Mpya ikaitwa Calamity Jane ya pili.

Na ya pili haikumuangusha. Katika ushindi wake mkubwa 13, ya kwanza ilipata tatu, ya pili kumi.

Katika 1929, ku Winged Foot, alikuwa mbele ya wote kwa mapigo mengi, halafu akaharibu matundu mawili, mapigo 7 kila moja. Kwenye tundu la mwisho ilibaki karibu metre 4, kwenye mteremko. Akikosa, amepoteza. Mpira ukatembea polepole, ukafika kwenye ukingo, ukaanguka ndani. Kesho yake walirudia na Al Espinosa, na Bobby akamshinda kwa mapigo 23. Kumbe yote yalisimama juu ya ule msukumo mmoja.

Katika 1930 alichukua mashindano manne makubwa katika mwaka mmoja, mawili Uingereza na Scotland, mawili kwao. Katika lile la tatu, ku Minneapolis, aliingiza mpira wa mwisho kutoka karibu metre 12. Kisha, na miaka 28 tu, akaacha mashindano, akaendelea na kazi yake ya avoka. Hakuwa amelipwa kwa ushindi hata mmoja. Mwaka uliofuata, shindano la wazi la Marekani lilichukuliwa na mtu mwenye mipini ya chuma, na hikori ikaanza kusahaulika.

Pamoja na Clifford Roberts alianzisha kiwanja cha Augusta, na mashindano yakaanza pale katika 1934. Katika 1948 ugonjwa wa uti wa mgongo ukamkamata. Alitembea na bakora, kisha kiti cha magurudumu, na mikono ile ikakosa nguvu. Alikufa tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 1971.

Calamity Jane ya pili iko katika jumba la makumbusho la golf la Marekani. Ya kwanza, ile iliyoisha uso, haikutupwa: iko Augusta, na uzi wake mweusi ungali kwenye mpini.