Padri Placide Tempels, Mwalimu Aliyefundishwa

Padri huyu alizaliwa mbali sana na mto Lualaba, katika mji mdogo wa Berlaar nchini Ubelgiji, tarehe 18 Februari 1906. Mwaka uleule ndipo ilipoanzishwa kampuni ya Union Minière, iliyochimba shaba ya Katanga. Wazazi wake walimwita Frans. Alipoingia shirika la Mtakatifu Fransisko akaitwa Placide. Alipata upadri mwaka 1930, na mwaka 1933 akatumwa Kongo, kwa Waluba wa Katanga.

Muda wa miaka kama kumi alifanya kazi kwa namna ya wengi wa siku zile. Alihubiri, alibatiza, aliamuru. Alidhani kwamba kila kilicho chema yeye ndiye aliyekishika, na kwamba mtu mweusi hana budi kunyosha mikono na kupokea. Watu walimsikiliza kwa adabu, lakini maneno yake hayakufika moyoni. Mkristu aliyesali vema siku za raha, siku ya ugonjwa au ya kufiwa alirudia dawa za wazee. Wazungu wengi walisema huo ni unafiki, basi. Tempels hakuridhika na jibu hilo.

Akaketi, akasikiliza. Akawauliza wazee maana ya mithali, ya majina ya watoto, ya dawa, na ya heshima wanayopewa waliokufa. Akaona kwamba chini ya mambo hayo yote kuna wazo moja, nalo ni uzima. Kadiri ya wazee, mtu hana uzima peke yake kama jiwe lililotupwa njiani. Ameupokea kwa Mungu kwa kupitia mababu, naye hana budi kuukuza na kuwapa watoto. Uzima huongezeka, tena hupungua: amdharauye mkubwa wake humpunguzia, naye mwenyewe hupungukiwa. Basi yule aliyeirudia dawa hakuwa mpumbavu. Alitafuta nguvu ya uzima, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha kwamba Injili nayo yasema habari ya uzima.

Mambo hayo Tempels aliyaandika kwa lugha ya kwao. Mwaka 1945 kitabu kikatolewa kwa Kifaransa mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Kilimletea sifa na taabu pamoja. Kusema kwamba Wabantu wana falsafa yao ilikuwa kuwaudhi wakubwa, na Monsinyori de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa la Katanga, alikipinga kwa nguvu. Mwaka 1946 Tempels alikwenda Ubelgiji, asionekane tena Kongo hata mwaka 1949. Kitabu chenyewe kina kasoro: aliwasikiliza Waluba, akaandika kana kwamba Wabantu wote ni kabila moja. Wasomi Waafrika walimlaumu baadaye, na si bure.

Mwaka 1953 alifika Kolwezi kuwahudumia wachimba shaba. Huko hali ilikuwa nyingine kabisa. Watu wa makabila mengi walikaa katika nyumba za safu za kampuni. Mjomba yuko mbali, kaburi la babu liko mbali. Kijijini mume na mke kila mmoja alikuwa na ndugu zake wa kumshauri. Kambini walitazamana wawili tu, na mara nyingi hawakujua la kuambiana.

Tempels akaenda kuketi nyumbani mwao. Hakuanza na amri. Aliuliza mtu atamani nini kupita vyote. Yakapatikana maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Ndipo akawaonyesha kwamba hayo matatu wayatazame kwa Kristu na kwa Bikira Maria. Kundi lililozaliwa hapo likaitwa Jamaa. Mume na mke walifundishwa pamoja, hatua kwa hatua, kufunuliana mawazo ya moyoni. Waliitana baba na mama, na aliyemleta mwenzake alihesabiwa kuwa amemzaa. Hivyo mchimbaji aliyeacha ukoo wake nyuma alipata tena wazazi, akapata na watoto.

Jamaa ikaenea kambi hata kambi, ikafika Kasai. Kukatokea pia vikundi vilivyopotoka, na maaskofu wakaonya. Tempels hakuwapo kuyanyosha: mwaka 1962 alikuwa amerudi Ubelgiji, wala hakuja tena. Aliishi huko miaka 15, akafa mjini Hasselt tarehe 9 Oktoba 1977. Makambini Kolwezi, watu wa Jamaa walikuwa wangali wakikutana nyumba kwa nyumba, wakiitana baba na mama.