Nani Alibeba Mzigo wa von Lettow?

Wanachuo wenzangu mnaocheza magemu ya vita kwenye kompyuta mnaijua kanuni hii: ukiwa na jeshi dogo, usikubali pambano moja la kumaliza ugomvi. Unarudi nyuma, unavunja madaraja, unamvuta adui mbali na chakula chake mpaka achoke mwenyewe. Kanuni hiyo ilichezwa kweli mkoani kwetu Tanga mwaka 1916, kwenye njia ya Korogwe na Handeni, na mkuu wa mchezo alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Mimi nasomea ualimu wa historia. Siku si nyingi nitasimama mbele ya darasa, na itabidi niamue mtu huyu nimfundishe vipi.

Alizaliwa mwaka 1870 Saarlouis, Ujerumani, katika familia ya kijeshi. Alitumwa China, halafu mwaka 1904 akapelekwa Namibia, wakati Waherero wanateketezwa chini ya Jenerali von Trotha. Huko aliumizwa jicho. Januari 1914 akashuka Dar es Salaam, luteni kanali, kuja kuongoza jeshi la koloni.

Vita ilipoanza Agosti, alipiga hesabu yake. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari na makoloni ya adui yalimzunguka. Jeshi lake, hata lilipokuwa kubwa kabisa, lilikuwa na watu 15,000 hivi: Wajerumani karibu 3,000, waliobaki askari Waafrika. Kushinda haiwezekani. Basi akajiwekea lengo lingine: kudumu. Kila kikosi ambacho Mwingereza atakileta huku kumkimbiza, hakitakwenda kupigana Ulaya.

Novemba 1914 Waingereza waliteremsha watu wapatao 8,000 Tanga. Yeye akavuta vikosi vyake kwa treni kutoka upande wa Kilimanjaro, wakapita Korogwe, na kwa watu elfu moja hivi akawarudisha wageni baharini, wakaacha bunduki na risasi nyingi. Januari 1915 akashinda tena Jassin, karibu na mpaka wa Kenya, lakini alipoteza maofisa na kutumia risasi nyingi mno. Hapo akaona kwamba ushindi wa namna ile, mara mbili tatu tu, ungemmaliza.

Mwaka 1916 akaja Jenerali Smuts na jeshi kubwa, wengi wao kutoka Afrika Kusini. Moshi ikaanguka. Von Lettow akafanya jambo la kamari kweli: akachukua sehemu kubwa ya jeshi lake kwenda Kondoa, na bonde la mto Pangani akamwachia Meja Kraut na watu wachache. Kazi ya Kraut haikuwa kushinda, ilikuwa kuchelewesha. Anapiga, anang'oa reli, anavunja daraja, anaondoka usiku. Katikati ya Juni Korogwe ikachukuliwa, na siku chache baadaye Handeni.

Kwenye ramani unasema Smuts ameshinda. Lakini angalia hali yake. Malaria imewalaza askari, mbung'o wameua farasi na nyumbu, chakula kinatoka mbali na hakitoshi. Baada ya kupita Handeni na kuvuka mto Lukigura, akakwama mpaka Agosti. Von Lettow akapata nafasi ya kurudi na kujipanga kwenye milima ya Nguru.

Jamani, hapo ndipo gemu linapotudanganya. Kwenye kioo unabonyeza tu, jeshi linahama. Huku Wajerumani walikuwa na reli nyembamba ya vigari kutoka Mombo hadi Handeni, na kutoka Handeni kuelekea Reli ya Kati mzigo ulikwenda kichwani. Kichwani mwa nani? Mwa mpagazi, mara nyingi aliyekamatwa kwa nguvu. Na jeshi linalorudi nyuma linakula ghala la mkulima, halafu linalofuata linakula kilichobaki. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita hii wanakadiriwa kuzidi 90,000. Ugogoni ikafuata njaa iliyoitwa Mtunya.

Yeye aliendelea. Baada ya pambano kali la Mahiwa, Oktoba 1917, aliacha wagonjwa na majeruhi wengi, akavuka Ruvuma. Alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari zaidi ya 1,100. Kwao akapokelewa kama shujaa. Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam kutembea, akafa Hamburg Machi 1964, akikaribia miaka 94. Mwaka huohuo serikali ya Ujerumani Magharibi ikakubali kuwalipa askari wake wazee malimbikizo yao. Mpagazi hakuwemo kwenye hesabu hiyo.

Kwa hiyo darasani sitamficha von Lettow, akili yake ya vita ilikuwa kubwa na mwanafunzi aijue. Ila nitaanza na swali ambalo kila mwenye duka la jumla analijua bila kujua: Kariakoo maana yake nini? Ni jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, lilivyotamkwa na watu wetu, pale walipokuwa na kambi. Tunanunua vitenge na simu juu ya jina lao kila siku. Tukishajua walikuwa nani, ndipo tufungue ramani ya Korogwe na Handeni tuhesabu nani alishinda.